Siku yangu nzima ndani ya gari linalojiendesha

Saa 11 alfajiri niko gereji, na kazi ya kwanza ya dereva wa majaribio kama mi si kuendesha, ni kufuta. Nafuta kamera zote, kioo cha laida (kifaa kinachopima umbali kwa mwanga wa leza) kule juu ya paa, na bampa pia maana rada, ile inayopima kwa mawimbi ya redio, imejificha nyuma yake na tope likigandia pale ujue gari linaona nusu nusu. Afu tunacheki kalibresheni, yaani kama kila kifaa kimelenga sawasawa. Kamera ikipinda digrii moja tu, mtu aliye mita 100 mbele anasomeka karibu mita 2 pembeni ya alipo, yaani wa barabarani anageuka wa kando.

Saa 1 tunatoka, mi kwenye usukani, mwenzangu pembeni na laptopu. Jua liko chini linapiga kamera usoni, rangi za taa hazisomeki vizuri. Zaidi ya hapo hakuna kitu, na hiyo ndo sehemu inayochosha, mikono iko karibu na usukani lakini hauushiki, unakodoa macho tu saa nzima.

Saa 4 mvua. Watu wanadhani mvua ndo adui, wapi! Manyunyu yanavumilika, balaa ni lori la mbele, matairi yake yanarusha wingu la maji, mwanga wa laida unagonga yale matone unarudi, na kompyuta inaona ukuta. Leo gari likapiga breki ghafla tukiwa kwenye mwendo, nikashika usukani, mwenzangu anauliza "umeona nini?" nikamwambia sijaona kitu, tena andika hivyo hivyo.

Saa 8 uwanja wa majaribio, breki kwenye lami iliyomwagiwa maji, rudia, rudia. Tuyapite hayo.

Saa 10 data inashushwa, injinia anacheza tena lile tukio la lori kwenye simulesheni, yaani analiigiza kwenye kompyuta, mara anaongeza mwendo, mara anapunguza maji. Mmoja akasema basi kwenye mvua tuiamini rada, mawimbi yake ni ya milimita 4 hivi, yanapenya matone vizuri kuliko mwanga. Sawa, ila rada haichori umbo vizuri, na mara nyingi programu inachuja vitu vilivyosimama, la sivyo gari lingeshtukia kila nguzo na kila daraja. Sasa lori likiwa limeharibika katikati ya leni je? Wakabishana mpaka saa 12, mi nikasaini fomu nikawaacha humo.