Fundi kasema mazabodi imekufa, bisibisi ikakataa

Fundi wa kompyuta akikwambia "mazabodi imekufa", yaani ile bodi kuu ya ndani, kabla hata hajafungua kasha, mwambie ashike adabu. Mimi niliambiwa hivyo hapa Mwanga, Kigoma, tena kwa kujiamini: "Dada, hii basi tena. Tafuta laki mbili na ushee nikuletee nyingine." Laki mbili! Kwa stesheneri inayoishi kwa kopi na barua za kuomba kazi?

Mashine ilikuwa kimya kabisa. Nabonyeza, feni haizunguki, hakuna mlio. Jirani yangu wa vocha akashikilia ni ramu, kile kibao cha kumbukumbu, niisugue na raba. Nikasugua mpaka ikameremeta, wapi! Na ushauri wenyewe haukukaa sawa: ramu ikisumbua, feni kwa kawaida huzunguka, kioo ndicho kinabaki cheusi.

Kilichonipa moyo ni kitaa kidogo kwenye mazabodi. Kilikuwa kinawaka. Pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme ndani ya kasha, ikishachomekwa ukutani hutoa volti 5 muda wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Nikataka kuhakikisha. Nikachomoa kila kitu, nikanyoosha klipu ya karatasi, nikaunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, ndipo nikarudisha umeme. Feni ya pawa saplai ikazunguka. (Pawa saplai yenyewe usiifungue, hutunza umeme hata ikichomolewa.)

Ikabaki swichi. Watu hudhani umeme wote wa kompyuta unapita kwenye kile kitufe, kumbe kinagusanisha pini mbili tu za mazabodi kwa sekunde moja. Nikarudisha plagi, nikachomoa waya wa swichi kwenye pini zilizoandikwa PWR, nikazigusa zote mbili kwa ncha ya bisibisi. Vuuuu! Nilipiga vigelegele mpaka mteja aliyekuwa akisubiri kopi ya cheti akatoka nje.

Swichi mpya sikununua. Kitufe cha reseti, ambacho sijawahi kukihitaji, nacho kinagusanisha pini mbili vilevile. Nikauhamishia waya wake kwenye PWR, basi. Gharama yote ni ile raba. Kitufe kikubwa nimekibandika selotepu, maana kila anayeingia lazima akibonyeze, kisha anipe pole.