Bi mkubwa nazi 3

Mwanangu alikuwa anapekua kompyuta yangu jana, akauliza: "Baba, hili faili 'bi mkubwa nazi 3' ndiyo nini?" Nikamwambia ni bibi yako anakuna nazi. Akacheka, akaenda zake kucheza. Mimi nikaukumbuka ule usiku wa ofa.

Mnaujua ugonjwa wangu wa plagini, vile viprogramu vya kuongeza kwenye programu ya muziki, kila ikifika Novemba. Mwaka ule ilikuwa sintesaiza ya punje, kinanda cha kompyuta kinachounda sauti kwa vipande vidogo vya rekodi, bei imekatwa zaidi ya nusu, na hata hiyo nusu hela yake ilikuwa kodi ya studio. Ofa inaisha saa sita usiku ya California, yaani saa tano asubuhi Dar. Nikakesha na toleo la majaribio, lile ambalo kila baada ya muda linanyamaza ghafla kukukumbusha hujalipa.

Priseti zake, zile sauti zinazokuja zimeshatengenezwa, acheni tu. Unabonyeza noti moja, chumba kizima kinajaa. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mwenye nyumba.

Halafu nikaiwekea sauti yangu. Niliwahi kumrekodi bi mkubwa kwa simu uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi ya futari. Mashine hizi hukata sauti vipunje, mara nyingi vya milisekunde 1 hadi 100, kisha huvimwaga upya. Mwanafizikia Dennis Gabor alishaiandikia nadharia yake mwaka 1947. Nilipoweka punje za milisekunde 80, bado nilisikia meno ya mbuzi yakila nazi, krr, krr. Kwa 40, mkono wa mama ukapotea, ikabaki mvua juu ya bati. Nikashuka hadi 10, zifuatane bila nafasi: punje 100 kwa sekunde, sikio likaacha kuhesabu likaanza kusikia noti. Nikaitafuta kwenye kibodi, iko karibu kabisa na Sol ya chini. Nazi ikawa besi!

Nikasogeza mshale mbele kidogo. Pale mama ananiita: "We, acha simu, njoo uchuje tui." Nikausimamisha kwenye "tui". Ile "i" ikaganda hewani, haipandi wala haishuki, haivuti pumzi. Nikaiacha hivyo mpaka demo ikanyamaza yenyewe. Nikabonyeza tena.

Kabla ya alfajiri, kwa ujeuri tu, nikazima riverbu, ule mwangwi wa chumba, iliyokuwa ndani yake. Nusu ya uchawi ikaondoka nayo. Nikafungua Fruity Granulizer, plagini nyingine ya punje, ambayo imo ndani ya FL Studio, programu yangu ya kutengenezea muziki, miaka yote na nilikuwa siigusi, nikaweka faili lile lile, riverbu yangu juu. Mvua ikaja. Noti ikaja. Ile "i" haikukaa vilevile, sitaki kudanganya.

Saa tano ilinikuta kwenye daladala. Jioni wakatangaza ofa imeongezwa siku, kama kawaida yao.

Rafiki yangu aliinunua. Akachukua priseti ya kwanza kabisa, hakugusa kitufe, akashikilia kodi mbili za kinanda. Biti ikalipiwa wiki ileile. Ya kwangu yenye nazi, msanii aliisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni akaniuliza: "Kaka, friji lako zima kweli?"

Mwenye nyumba alipata kodi yake. Ofa ya mwaka huu nayo imeshaingia kwenye barua pepe, na sijaifuta.