Kelele za guta langu na rangi ya kucha ya mke wangu

Guta langu la matairi matatu nililinunua kwa kazi moja: kusomba korosho kutoka mashambani Tandahimba hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika. Njia zetu mnazijua. Mchanga unameza tairi, mbele kidogo udongo mgumu umejikunja mawimbi mawimbi kama bati. Msimu wa kwanza, Oktoba haijaisha, guta lilikuwa linacheza ngoma ya sindimba peke yake.

Nikawa nakaza nati kila Jumapili. Jumatano zimelegea. Nikachomeka bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi, nikakata yubolti moja, ile bolti ya umbo la U inayobana springi. Hapo ndipo nikakubali kumpelekea mzee mmoja mwenye gereji chini ya mkorosho.

"Unakazia wapi?" akauliza.

"Nyumbani, nikishaliinua kwa jeki."

Akacheka. "Mwanangu, bushi, ule mpira wa kwenye jicho la springi, unaibana springi ikiwa inaning'inia. Ukishusha guta, mpira umeshajipinda kabla hujapakia hata gunia moja. Utachanika tu, halafu unalaumu nati."

Tangu siku ile bolti za bushi nazibana kidogo tu kwenye jeki, nashusha, napakia magunia mawili, ndipo namalizia kukaza. Yubolti nakaza kwa msalaba, kidogo kidogo kila upande, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo narudia, maana majani ya springi hukaa sawa na kuacha nafasi. Bushi zenyewe sipaki oili wala grisi ya kawaida. Hunyamazisha kelele siku mbili, kisha mpira unavimba na kulainika.

Nilikuwa na kosa jingine la aibu. Chini ya nati kulikuwa na rangi na kutu. Vitu hivyo husagika kwa mtikisiko, na bolti inapoteza mkazo bila nati kuzunguka. Sasa nakwangua hadi chuma king'ae, naosha meno ya bolti kwa petroli, natia gundi ya nati ile ya bluu, inayofunguka kwa spana. Bolti za springi nanunua zenye alama ya 8.8 kichwani, yaani za chuma imara. Zile laini zisizo na alama nimezifanya ndoano za kuning'inizia jembe.

Kisha ikaja rangi ya kucha. Mke wangu alinuna, lakini chupa nyekundu ilikuwa inakauka tu kabatini. Nachora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichokaa chini yake. Asubuhi nazunguka guta na kikombe cha chai mkononi, spana sigusi. Mstari ukiwa umenyooka, naondoka.

Juzi, kabla ya kwenda kupakia, nikakuta umekatika kwenye yubolti ya kushoto, nyuma. Robo mzunguko tu. Nikakaza, nikafuta mstari wa zamani, nikaenda kuomba chupa tena. Safari hii kanipa ya zambarau.