Kumtafuta babu Pemba, mpaka Kojani

Ukikulia Moshi swali la "kwenu wapi" halikwepeki. Mwezi wa kumi na mbili mji unajaa, Wachaga wanarudi kutoka Dar, Mwanza mpaka nje ya nchi, wanapandisha Marangu, Kibosho, Machame, Rombo, kila mtu na kihamba chake (shamba la ukoo) na makaburi ya wazee wake humo humo kwenye migomba, na sisi tuliozaliwa Njoro tunabaki mjini. Jibu letu lilikuwa moja tu, babu alitoka Pemba. Ukiulizwa Pemba sehemu gani unanyamaza. Hilo limenisumbua tangu mdogo, na limemsumbua baba mdogo kuliko mimi, ndo maana safari hii tukasema tunaenda, basi.

Tulichokuwa nacho ni kidogo. Babu alivuka Tanga akiwa kijana, akapata kibarua cha reli na reli ndo ikamleta huku (yenyewe ilishafika Moshi tangu 1911, enzi za Mjerumani), akamuoa bibi yetu ambaye ni Mpare wa Ugweno, na akafariki kabla mimi sijazaliwa. Kaacha kadi ya kazi yenye majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake, na mahali pa kuzaliwa wameandika Pemba tu. Halafu kuna vitu bibi alikuwa anavisema sema jioni, kwamba babu kwao walimwita Nguru, kwamba mama yake alikuwa anasuka mikeka, kwamba alivuka bahari kwa ajili ya dago. Hivi vya bibi hatukuvitilia maanani, sisi tulishika kadi.

Sasa niwaambie kitu kuhusu kadi. Pemba sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano, na mambo ya jina la ukoo kama tunavyoandika kwenye fomu huku kwa wengi hayapo, mtu ni fulani bin fulani bin fulani, na majina yenyewe yanajirudia, Faki, Hamad, Khamis, Kombo, Makame, Shaame. Ukienda na majina matatu ya namna hiyo utapelekwa nyumba hamsini na zote zitakuwa sahihi. Aliyetufungua macho ni Mpemba mmoja muuza nguo hapa hapa mjini Moshi, tulimfuata dukani kwake na kadi yetu, akaiangalia akairudisha, akasema hii niwekee pembeni, niambie lakabu yake, mama yake nani, na kazi ya kwao ilikuwa nini. Tulipofika kwenye dago akacheka kwa furaha kabisa, akasema "Mdogo wangu, huyo mtu wa Kojani, msihangaike na Chake wala Wete."

Kwa wasiojua, Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, na watu wake ni wavuvi haswa. Dago ni kambi ya uvuvi, wanaume wanaondoka na vyombo vyao wanafuata samaki kwa msimu, Tanga, Mafia, Kilwa, mpaka pwani ya Kenya, wanapiga kambi ufukweni, wanavua, wanauza, wanarudi. Na wengine hawarudi. Wanaoa huko huko, wanapata kazi huko huko, na babu yetu alikuwa mmoja wao.

Safari yenyewe sina mengi ya kusema, basi la Moshi mpaka Tanga, Same, Mombo, Korogwe, mikonge mpaka uchoke, kisha meli. Baba mdogo alitapika njia nzima maana ule mkondo wa Pemba ni bahari ya kina kirefu na siku hiyo ulikuwa umechafuka. Pemba tulipofika nilichoshangaa ni kijani chake, vilima na mabonde na mikarafuu kila mahali, mi nilitegemea mchanga na minazi. Wenyeji wanakwambia karafuu za Unguja ziliangushwa na kimbunga cha 1872, Pemba ikapona, na tangu hapo karafuu ni Pemba. Nawaambia hivi kwa sababu ina maana kwenye habari yangu, nitafika.

Kwanza tulienda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, ni kama mwenyekiti wa mtaa kwetu huku. Huu ndo ushauri wangu mkubwa, usianze kugonga milango, anza kwa sheha wa shehia, jitambulishe, toa kitambulisho, sema umemfuata nani. Sheha wetu alitusikiliza akatuma kijana aite wazee wawili msikitini, na nikaona wale wazee wanatuangalia kwa mashaka. Baba mdogo akaelewa haraka. Mtu anayetokea bara baada ya miaka yote hiyo anauliza habari za babu yake, watu wanawaza mirathi, mikarafuu, shamba, na wana haki ya kuwaza maana mkarafuu ni mali na kesi za namna hiyo zipo. Akasimama kabla hajaulizwa, akasema wazee wangu shikamooni, sisi hatukuja kudai mti wala ardhi wala nyumba, tumekuja kujua tunaitwaje na kumwombea mzee wetu. Hali ya hewa ikabadilika pale pale. Mzee mmoja akauliza tu, "Nguru yupi? Maana tuna Nguru wengi." Tukataja jina la mama yake, bibi alikuwa analitaja, na mikeka. Yule mzee akanyamaza, akasema twendeni.

Nyumba za Kojani zimebanana, unapita vichochoro, nyavu zimeanikwa, watoto wanakufuata nyuma. Tukaingia kwa bibi mmoja mzee sana, macho hayaoni vizuri, binti wa dada yake babu, kwa hiyo kwangu ni shangazi. Nikampa shikamoo, akanishika mkono akawa anaupapasa hauachii, akauliza "We mtoto wa nani?" Nikasema mjukuu wa Nguru. Akasema, "Nguru tulimsomea khitma."

Walimhesabu amekufa. Hapo ndo nililia, na baba mdogo akalia, maana sisi huku Moshi miaka yote tuliamini walimkataa kwa sababu ya kuoa Mpare, bibi yangu ameingia kaburini na hilo donge. Kumbe babu alikuwa anatuma salamu na pesa kupitia nahodha mmoja aliyekuwa anakwenda na kurudi Tanga, nahodha akafariki, na hakuna mwingine aliyejua babu yuko wapi. Wao wakasubiri, wakauliza kila dago lililorudi, mwisho wakasoma khitma. Huku babu anangoja majibu hayaji, naye akaona ameachwa. Hakuna aliyemkataa mtu. Hilo tu nililisubiri maisha yangu yote bila kujua nalisubiri, na lingefutika kabisa kama yule shangazi angetangulia mbele ya haki kabla hatujafika, kwa sababu wadogo zake walikuwa hawalijui.

Kwa hiyo kama una bibi au shangazi anayeongea ongea jioni, washa simu umrekodi. Lakabu, majina ya akina mama, kazi ya mikono, nani aligombana na nani. Kwetu hivyo ndivyo vilivyotupeleka mlangoni.

Bado kuna kazi. Shangazi anasema babu alikuwa na mdogo wake aliyekwenda dago upande wa Kenya, Kilifi au Kwale, naye hakurudi. Wapemba wa huko serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023 wakaanza kupewa vitambulisho baada ya miaka mingi ya kuishi bila karatasi, kwa hiyo pengine sa hivi wajukuu zake ni rahisi kuwapata. Kama uko pande hizo na mzee wenu alitoka Kojani, mama yake alisuka mikeka na kaka yake aliitwa Nguru akapotelea bara, tafadhali niandikie. Shangazi bado yupo na anauliza kila tukipiga simu.