Nilivyochagua Algeria yenye ufadhili nikaiacha London ya kujilipia

Kila msimu wa admishen ukifika kuna watu wananitumia meseji wananiuliza ilikuwaje nikaacha chuo kikubwa cha London nikaenda kusoma masta Algeria, basi ngoja niandike yote hapa maana naona wengi mnapitia hilohilo na mnashauriwa na watu ambao siku ya kulipa hawatakuwepo.

Mimi ni injinia wa maji, kazi yangu iko Dodoma. Mwaka 2024 nilikuwa na ofa mbili mkononi. Moja London, masta ya mwaka mmoja ya haidrolojia (elimu ya maji), chuo ambacho ukikitaja hata mtu asiyefuatilia mambo ya vyuo anakijua. Ada paundi 34,000, wakanipunguzia 5,000 nikabaki na 29,000. Nyingine ilikuwa Pan African University, chuo cha Umoja wa Afrika, taasisi yao ya maji na nishati ipo Tlemcen kule Algeria, miaka miwili, ada hulipi na posho ya kujikimu unapewa.

Nyumbani London ndo ilishinda siku ileile. Mama alishawaambia wenzake wa jumuiya, baba mdogo akanipigia kutoka Kondoa ananiita Mwingereza, na mzee akaniita pembeni akasema yuko tayari kuuza sehemu ya shamba la zabibu Mpunguzi. Hapo nilikaa kimya maana lile shamba ndo limetusomesha wote, zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na kila mavuno yana ada ya mtu humo ndani. Nikamwambia baba nipe muda kwanza nipige hesabu, usiite dalali.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka uonyeshe ada iliyobaki pamoja na hela ya kuishi, na kwa London kwa mwaka huo ilikuwa paundi 1,334 kwa mwezi kwa miezi 9, yani paundi 12,006, na hiyo hela yote iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Jumlisha na ada unapata paundi 41,000 na kidogo, ukiibadilisha kwa shilingi kama 3,300 kwa paundi unaongelea milioni 135. Hapo bado viza, wakati huo paundi 490, bado tozo ya afya paundi 776 kwa mwaka, bado kipimo cha TB, bado tiketi. Watu wengi wanaangalia ada tu af wanakuja kushtukia zile siku 28, kwa sababu hata ukiahidiwa na ndugu kumi kuwa watakuchangia, kuahidiwa siyo kuwa na hela kwenye akaunti.

Nikaenda benki kuulizia mkopo wa mshahara. Kwanza mimi bado nakatwa mkopo wa chuo na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile sheria ya kwamba lazima theluthi moja ya mshahara ibaki kwako ipo palepale, kwa hiyo kiasi walichoweza kunikopesha hakikufika hata karibu na ada. Maana yake ni kwamba London ingetoka kwenye shamba la mzee, na mkopo juu yake, na michango ya ukoo juu yake tena. Na mimi nina wadogo zangu wawili nyuma.

Jambo lililonisaidia kuliko hesabu ni kuongea na watu waliosoma. Niliwatafuta LinkedIn, Watanzania waliopita kile chuo cha London, na nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, karibu wote waliokubali kuongea na mimi walisomeshwa, mwingine Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza), mwingine ufadhili wa Commonwealth, mwingine mwajiri. Aliyejilipia mwenyewe alikuwa mmoja, dada mmoja hivi yuko Dar, na alikuwa muwazi sana, akaniambia mdogo wangu chuo ni kizuri na walimu ni wazuri lakini nilipomaliza sikuweza kurudi kwenye kazi niliyoipenda kwa sababu mshahara wake usingelipa deni, ikabidi nichukue kazi yoyote inayolipa. Ile sentensi ndo iliniamulia. Deni kubwa hivyo linakuchagulia kazi kabla hujamaliza kusoma, na mimi nilishajua nataka kurudi kufanya nini.

Ngoja nieleze hicho ninachotaka kufanya maana bila hicho mtaona nilifuata bure tu. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hapa Dodoma yanatoka visima vya Makutupora. Huku tunapata msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na maji ya chini ya ardhi hayajazwi sawasawa kila mwaka, yanajazwa zaidi ile miaka ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997 na 1998, katikati hapo yanashuka tu. Rekodi za vina vya maji pale zinarudi mpaka miaka ya 1950, sehemu chache sana Afrika zina rekodi ndefu hivyo. Na tangu serikali ianze kuhamia huku kwa nguvu 2016 mji umekua, watu wanataka maji. Mimi nataka kuwa mtu anayeelewa hayo maji.

Kwa hiyo nikaviuliza vyuo vyote viwili maswali yaleyale. Je, tasnifu naweza kufanyia nyumbani? Supavaiza anajua maeneo makavu? London walijibu vizuri, ila kwa masta ya mwaka mmoja tasnifu ni miezi michache ya kiangazi na kuja Dodoma kuchukua data ingekuwa kwa gharama yangu. Tlemcen miaka miwili ina nafasi ya kupumua, na wanafunzi waliotangulia waliniambia wengi wanarudi nchini kwao kufanya utafiti. Nao hao niliwauliza posho inaingiaje, hosteli ikoje, Kifaransa kinasumbua kiasi gani (masomo ni kwa Kiingereza lakini mtaani ni Kiarabu na Kifaransa, jiandae), na sasa hivi wanafanya kazi wapi. Muulize mtu anafanya nini sasa hivi, usimuulize tu kama alikipenda chuo.

Kabla sijasaini nilihakikisha mambo mawili, utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa kutambua vyeti vya nje, na ruhusa ya masomo kazini kwa maandishi. Hii ya pili msiipuuze, ukiondoka kwa ruhusa ya mdomo utarudi ukute kiti kina mtu.

Nilifikiria pia kusubiri mwaka mmoja niombe Chevening niende hukohuko London, vigezo nilikuwa navyo. Nikamwambia mzee, akajibu kwa kifupi, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama ilimchukua muda zaidi, kwake yeye London ilikuwa heshima ya familia nzima na sikutaka kumbishia, nilimkalisha nikamwonyesha daftari lenye namba zote, shamba likiwa mstari wa kwanza. Akasoma, akauliza kama Tlemcen kuna baridi, kesho yake akanitafutia sweta.

London niliwaandikia barua ya heshima kwamba siwezi kuja mwaka huu kwa sababu za fedha, wakanijibu mlango uko wazi kuomba tena. Sasa hivi niko Dodoma nakusanya data za tasnifu, mdogo wangu kaingia chuo kwa zabibu zilezile, na PhD nikiitaka nitaomba hata hukohuko London, ila ile yenye ufadhili.