Kulazwa Glasgow, wodi isiyo na jirani

Tangu nitolewe kidole tumbo, kila ndugu anayepiga simu kutoka Dar ana swali moja: umelipa shilingi ngapi? Pale hospitalini, hata senti. Queen Elizabeth University Hospital, huku Govan, mtaa wa Glasgow, ni ya umma. Ilifunguliwa mwaka 2015, ghorofa 14, na juu ya paa inatua helikopta. Wenyeji wameibatiza Death Star, ile ngome ya angani kwenye filamu za Star Wars, kwa lile umbo lake. Dirisha la kulipia hulioni, wala hakuna anayekutuma ukanunue glavu na bomba la sindano kwanza. Hadi dawa za kumalizia nyumbani nimepewa mkononi. Scotland walifuta malipo ya dawa za kuandikiwa na daktari mwaka 2011. Wenzetu wa England wengi bado wanazilipia.

Ila msidhani ni bure kihivyo. Wenye viza kama yangu tunalipia matibabu kabla hata ya kupanda ndege: tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, mbali na ada ya viza yenyewe. Ukifika, kodi nayo inakatwa kwenye mshahara.

Dharura ndiko kwenye kazi, na hilo ni la nchi nzima. Lengo la Scotland ni asilimia 95 ya wagonjwa wawe wamemaliza kuhudumiwa ndani ya saa nne, na ni miaka sasa halifikiwi. Anaangaliwa nani yuko hoi, si nani kawahi. Nenda na chaja.

Ukishapanda juu, unapewa chumba chako peke yako, choo na bafu humohumo. Daktari anakueleza mambo yako bila wodi nzima kusikia, na hilo nawapa maksi zote. Mashuka, chakula na taka vinasafirishwa na mikokoteni inayojiendesha yenyewe huko chini ya jengo, ina hadi lifti zake. Kama hujui Kiingereza, unaomba mkalimani na hulipi.

Lakini usiku! Muhimbili ukikohoa tu, kitanda cha pili wanakuuliza, "Vipi, nikuitie nesi?" Asubuhi mama wa mgonjwa mwingine anakumiminia uji kama vile umezaliwa kwake. Huku una kitufe cha kengele. Nesi anakuja, mpole kweli, ila ana vyumba vingine vinamsubiri. Nilifika mahali nikatamani hata mtu wa kukoroma pembeni.

Na nyie mnaotaka kuleta wazazi kutembea: wao hawamo kwenye zile pauni 1,035. Kuonwa dharura hawatozwi, ila wakilazwa bili inawafuata, na si ya mchezo. Wakatieni bima ya safari kabla hawajaondoka, na someni vizuri inasemaje kuhusu presha na sukari walizonazo tayari.