Nilivyoshona gauni la enzi za Napoleon kwa mkono, hapahapa Mtwara

Jamani nimemaliza! Wiki 7, cherehani sijaigusa hata mara moja, na gauni nimelivaa kwenye harusi ya binti wa mama mdogo. Naandika kwasababu nilipoanza nilishauriwa vibaya sana.

Nilitaka lile gauni la mwanzoni mwa miaka ya 1800 kule Ufaransa, la aina aliyovaa Joséphine mke wa Napoleon, kiuno kiko juu, chini tu ya matiti, halafu sketi inashuka moja kwa moja mpaka miguuni. Enzi hizo cherehani zilikuwa bado, zimekuja kuenea miaka ya 1850 huko, kwahiyo nikasema na langu litakuwa la mkono mwanzo mwisho. Nikanunua melimeli nyeupe mita 6 na marekani kidogo ya kujaribia juu, zote kama elfu themanini na kitu, nauli ya kuagiza Dar sijaweka.

Sasa fundi mmoja akaniambia, "Dada usijitese, zungushia lastiki chini ya matiti basi." Nikamsikiliza. Nikagawa marinda sawasawa mbele na nyuma, nikashona siku 9, nikavaa. Tumbo limetuna mbele kama la mjamzito! Nililia kweli maana melimeli ndo nilishaikata. Msikubali lastiki kwenye gauni hili, na zipu msithubutu, wenzetu wale walifunga kwa kamba nyembamba iliyopita ndani ya pindo.

Kabla sijakaa sawa likaja la pili. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho, nimefumua vipande nimeviacha kwenye mkeka barazani, watoto wakapita na mabibo yao. Tone moja tu, katikati ya kipande cha mbele. Mtu wa kusini anajua, maji ya bibo yakishaingia kwenye nguo nyeupe ndo basi. Nilifua, nikapaka ndimu, nikaanika juani, likabaki la kahawia vilevile, ukubwa wa sarafu ya mia.

Nikabeba kila kitu mpaka Mikindani kwa shangazi, yeye anashona kofia za mkono tangu mimi sijazaliwa. Shikamoo haijaisha ameshauona uzi wangu, "Mwanangu, unaenda kuvua samaki?" Uzi usizidi mkono mmoja, kiwiko hadi ncha ya kidole, ukizidi hapo unajisokota. Halafu akanipa nta ya nyuki, unapitisha uzi juu yake mara mbili, unaupiga pasi katikati ya karatasi, hapo hauchanui wala haufungi mafundo. Mimi nilikuwa natumia mshumaa ukaniachia madoa ya mafuta kwenye jaribio.

Usiku ule tukaangalia kwenye simu picha za magauni ya zamani yaliyopigwa kwa nyuma. Mbele bapa kabisa! Marinda yote yamesukumwa nyuma katikati ya mgongo. Shangazi akanyamaza kidogo, akasema basi kipande chenye doa kiende nyuma.

Hapo ndo kazi ilipokuwa tamu. Unapitisha safu 2 za uzi, kila tundu la safu ya chini liwe sawasawa chini ya tundu la juu, ukivuta zote mbili kwa pamoja kitambaa kinajikunja kama feni. Nilikuwa na upana wa mita moja na nusu nikaubana mpaka sentimita 12, kisha kila kikunjo nikakishikiza kwenye kiuno kimoja kimoja, mishono midogo, kidole kikawa na sugu japo nilivaa subana. Doa likaishia ndani kabisa ya kikunjo. Mishono ya pembeni ikunjieni ndani yote, melimeli inachanuka vibaya.

Siku ya harusi shangazi alinigeuza palepale ukumbini, akaanza kufungua marinda kwa vidole, moja baada ya jingine, kimya. Alifika mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo.

"Liko wapi?"

Sikumwonyesha.